Mshale Ulidanganya, Si Macho Yako

Mwanangu Masanja,

Siku ile nyumbani kwa Bibi, Songwa, uliponigeukia na kamera mkononi ukaniuliza, "Mama, betri ni ileile?" na mimi nikaitikia kwa kichwa, nilidanganya. Haikuwa ileile. Niliibadilisha mimi. Sijawahi kumwambia mtu. Hata nikisali nilikuwa nalizunguka jambo hili, naomba mengine, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba ili asikutane na mwenyeji.

Nimelitanguliza ili hata ukichoka kusoma ukaishia hapa, lililo kubwa uwe umelipata. Salamu tulishapeana asubuhi, uliponiambia mwangaluka mayu huku povu la mswaki linakudondoka.

Na usicheke kwamba nakuita mwanangu mpaka kwenye karatasi. Wewe ndiye uliyeanza. Tangu nilipozaliwa nikapewa jina la mama yako, Kabula, hujawahi kuniita binti. Umeniita mama, na ukiwa na furaha umeniita mayu, kama ulivyomwita yeye kwa Kisukuma. Wageni walikuwa wanashangaa kuona mtu mzima na ndevu zake anamwambia mtoto wa chekechea, "Mama, shikamoo," na mtoto anajibu bila wasiwasi, "Marahaba mwanangu, umekula?" Na mama aliyenizaa naye akaipata nafasi yake humohumo. Mpaka leo akitaka nioshe vyombo ananiita mama mkwe. "Mama mkwe, shikamoo. Masufuria yanakuita. Au mkamwana wako ndiye ayaoshe na mgongo huu?"

Sisi tunacheka. Bibi hakuwa anacheka sana. Au alikuwa anacheka, lakini chini ya kicheko aliweka kitu. Likizo moja tulikuwa tunamenya karanga, mimi na yeye, akasema, "Sisi akina Kabula tuko wawili. Nikiondoka mimi, mwanetu atabaki na wewe. Usimwache ahangaike."

Nikamuuliza utahangaika na nini wakati wewe ni mtu mzima.

"Mzima kwako," akasema. "Kwangu mimi bado ni yule anayekimbia bata."

Kumbe ulikuwa unaogopa bata. Nimeitunza hiyo miaka yote, leo naitumia.

Kesho unaondoka nyumbani, na yule aliyepaswa kukuandikia barua ya kukuaga amelala Songwa. Nimebaki mimi. Ningekuambia kwa mdomo kama mdomo wangu ungekuwa unafanya kazi, lakini unanijua. Dukani nanong'ona mpaka muuzaji anainama juu ya meza kama mganga anayesikiliza tumbo. Karatasi hainiangalii usoni, ndiyo maana nimejifungia humu na meza nimeisogeza dirishani, wakati wewe unazunguka Ngokolo yote kuaga majirani.

Sitakuagiza habari za sweta, wala chandarua, wala kuchemsha maji. Hayo mke wako ameyasema tangu juzi, na hata sasa hivi nasikia anayasema jikoni peke yake, na hakuna anayemjibu isipokuwa mafuta ya maandazi.

Mimi nataka kukuambia kuhusu macho yako.

Unakwenda Geita kwa sababu unaamini macho yako yamekufa. Najua mnasema sababu nyingine, kwamba studio imefungwa, kwamba kila mtu sasa anajipiga picha kwa simu yake. Ni kweli. Lakini jirani yetu fundi cherehani naye alisongwa na nguo za mtumba, na hakukimbilia shimoni. Alibadilisha akaanza kushona sare za shule. Wewe ulikuwa na pa kubadilikia. Mara ngapi yule mzee katekista wa Ushirombo amekupigia simu? Anataka wazee wa pale wapigwe picha kwa filamu, kila mmoja kwenye mlango wa nyumba yake, kabla hawajaisha. Na kila mara unamjibu, "Mzee wangu, tafuta kijana. Mimi sioni."

Juzi binamu yako alipokuja kukuchukulia vipimo vya buti, nilikuwa naleta chai. Alikuuliza kama kweli utaweza kushuka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu.

"Kamera inataka macho," ukamwambia. "Duara linataka mgongo. Tena chini kule giza ni la wote. Nani atajua kwamba mimi ndiye kipofu?"

Mkacheka, na binamu yako akapiga paja. Mimi nikaweka chai nikatoka kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Basi nisikilize, nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka jinsi ulivyonifundisha betri kabla hujanifundisha lenzi? Nilikuwa na vidole vidogo, na kile kifuniko cha chini cha kamera kilikuwa kinakusumbua. Kamera ile ilikuwa imenizidi umri, imeizidi umri hata ndoa yenu. Uliniambia ilitengenezewa betri za zebaki, na betri hizo hazitengenezwi tena kwa sababu zebaki ni sumu. Ukahangaika mpaka ukagundua kwamba betri za vile vifaa vya kusikia, wanavyovaa wazee masikioni, zina nguvu inayokaribiana sana na ile ya zamani. Dereva wa basi alikuwa anakuletea kutoka Mwanza. Ukakata pete ndogo ya mpira wa baiskeli ili betri isicheze ndani ya nyumba yake.

"Hizi zinapumua, mama," ukaniambia. Ukanionyesha kibandiko cha bluu mgongoni mwa betri, na chini yake vitundu vidogo kama vya kikopo cha chumvi. "Ukibandua hiki inavuta hewa, ndipo inaamka. Na ikishaanza kuvuta hewa inaanza kufa, hata usipoitumia. Kwa hiyo hatubandui mpaka siku ya kazi."

Nikakuuliza, "Kama watu?"

Ukaniangalia kidogo. "Ee. Kama watu."

Nilijua, mwanangu. Siwezi kusema sikujua. Ulinifundisha vizuri, na mimi nilikuwa darasa la sita, si mtoto wa kunyonya.

Ila vile vibandiko vilikuwa vizuri. Bluu ya kung'aa, mviringo, na nyuma vina gundi. Shuleni nilikuwa yule msichana ambaye mwalimu akihesabu darasa ananiruka. Siku moja ulikuwa umekwenda kupiga harusi, nikafungua kopo la maziwa ya unga ulilokuwa unawekea betri, nikabandua vibandiko vyote. Vyote. Nikavibandika kwenye kucha. Asubuhi yake wasichana walizunguka dawati langu. "Kabula, hebu tuone. Umepakwa wapi hizo? Shangazi yako yuko Dar?" Nikasema ee, yuko Dar. Huna dada huko, mama hana dada huko, lakini siku ile nilikuwa na shangazi Dar mpaka kengele ya kutoka. Sikuwa nimewahi kuangaliwa na watu wengi namna ile, wala sijawahi tena.

Betri nikazirudisha kwenye kopo, uchi, nikafunika. Hukuzigusa kwa muda mrefu, kwa sababu harusi ulikuwa unapigia ile kamera nyingine yenye taa yake yenyewe. Zikabaki mle zinapumua gizani.

Halafu ikaja simu kutoka Songwa kwamba Bibi hali chakula.

Uliniambia, "Mama, andaa kamera, kesho tunakwenda kumwona mwenzako." Hukusema tunakwenda kumpiga picha ya mwisho, lakini ulitoa filamu nzuri, ile uliyokuwa umeiweka kwa ajili ya jambo. Nikaweka betri ya kwanza na ule mshale wa kupima mwanga haukucheza. Nikaweka ya pili, ya tatu, zote. Niliendelea hivyo mpaka jasho likanitoka mikononi, na wewe ulikuwa ukumbini unapiga pasi shati, unaimba.

Nilichopaswa kufanya ni kutembea hatua chache tu mpaka ukumbini. Badala yake nilikimbia mpaka sokoni kwa fundi saa.

"Ya nini, mjukuu wangu?" akaniuliza.

"Ya saa," nikanong'ona.

"Saa gani?"

Nikamsogezea sarafu zangu mezani. Akanionea huruma, akanitolea moja kutoka kwenye kadi, ileile kwa umbo, ileile kwa unene. "Betri ni betri," akasema. "Ikikaa, imekaa."

Na ilikaa. Nikaivika pete yake ya mpira, nikafunga kifuniko, nikaelekeza kamera dirishani. Mshale uliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nakumbuka nilivyofurahi. Nikajiambia kwamba hii ni nzima kuliko hata zile zako, na kwamba Mungu amenifichia aibu.

Sasa njoo nyumbani kwa Bibi. Najua hupendi kurudi pale, lakini njoo na mimi mara moja.

Alikataa kutoka nje. "Jua linanionyesha kwa kila mpita njia," akasema. "Mimi nataka kuonwa na mwanangu." Akajifunga kaniki yake nyeusi, akavaa shanga, akakaa kwenye kigoda karibu na kile kidirisha cha kaskazini.

"Nicheke au ninune?"

"Kaa unavyotaka, mayu."

"Basi nitacheka. Ili msibani wakiiona wasahau kulia."

"Mama, nani kasema habari za msiba?"

"Hakuna aliyesema. Ila wewe umevaa viatu vya kanisani siku ya Jumanne."

Ukapiga goti. Ukazungusha lenzi taratibu mpaka uso wake ukakaa sawasawa. Halafu ukaangalia mshale, ukatoa jicho kwenye kamera, ukarudisha.

"Ajabu," ukasema. "Mshale unasema humu kuna mwanga mwingi."

"Ni meno yangu," akasema Bibi, na hakuwa na jino la mbele hata moja.

Ulicheka, lakini hukubonyeza. Uliangalia ukuta, ukaangalia kidirisha. Ukasema, kama unajisemea, "Macho yangu yananiambia humu ni giza." Ndipo ukanigeukia. "Mama, betri ni ileile?"

Wote wawili mlikuwa mnaniangalia. Nyinyi watu wawili ambao mbele yenu sikuwahi kuona haya. Na siku ile haya ilinishika kama homa. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi ni macho," ukasema. "Macho yangu leo yana huzuni. Tuufuate mshale."

Ukaufuata, filamu nzima.

Macho yako yalikuwa yamesema kweli, baba. Soma mstari huo mara mbili. Yalisema humu ni giza, na kweli ilikuwa giza. Wewe uliyanyamazisha kwa sababu ulimwamini huyu mama yako wa darasa la sita kuliko macho yako mwenyewe.

(Nimeandika baba. Nimekosea, lakini sifuti.)

Hatukuwahi kusafisha ule mkanda wa filamu kabla hajaondoka. Msibani tukaweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa, ile aliyonuna kama amekanyagwa. Na ulipoingia chumba cha giza, siku ziliposogea, mimi nilikuwa nimeshika taulo mlangoni. Ukautoa mkanda kwenye kopo la dawa ukaunyanyua kwenye taa. Ulikuwa mtupu kama kioo cha dirisha. Ukajaribu kuchapa moja. Karatasi ikalala kwenye dawa, ikawa nyeusi, na katika weusi ule zikatokea shanga tu.

Ulikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ile balbu nyekundu ilikuwa inakupiga upande mmoja wa uso, na harufu ya dawa zako, ile ya siki, ilikuwa kali.

"Mama yangu nimempiga gizani," ukasema. "Sioni tena, Kabula."

Hiyo ndiyo mara moja tu maishani mwangu uliyoniita Kabula. Na mimi nilikuwa nimeshika taulo.

Baada ya hapo kila picha iliyokuwa na kasoro ndogo ulisema ni macho. Mama akakusihi uende hospitali ukapimwe, ukasema utapimwa nini, kipimo umeshakiona kwenye mkanda. Mlango wa studio ukaanza kuchelewa kufunguliwa. Sasa pale wanasuka nywele. Nikipita, harufu ya siki hainipigi tena, inanipiga ya mafuta ya nazi, na miguu yangu bado inataka kupinda kuingia.

Nilichokosea nilikuja kukielewa baadaye, na nilikielewa kwa Kiingereza. Kidato cha pili, somo la fizikia. Nilikuwa nimejifunza kwako kwa Kiswahili kwamba betri hizi ni nzuri na zile si nzuri, kama mtu anavyofundishwa uyoga. Mwalimu akatuchorea ubaoni kwamba betri ya kawaida ya kifungo ina volti moja na nusu. Nikakumbuka maandishi madogo kwenye kifuniko cha kamera yako, moja nukta tatu. Tofauti ndogo, utasema haijazi hata kijiko. Lakini ule mshale hauna akili, unasukumwa tu. Ukisukumwa zaidi unapanda zaidi, unakuonyesha mwanga ambao haupo. Wewe unaminya tundu la lenzi kuufuata, na filamu inabaki na njaa. Na anayeumia kwanza kwa njaa hiyo ni uso mweusi kwenye nyumba yenye kivuli. Yaani Bibi.

Mwalimu akauliza nani ana swali. Nilikuwa nalo, likanijaa mdomoni, nikalimeza. Usiku sikula.

Tangu siku hiyo nimesoma kila kitu nilichoweza kuhusu betri hizi, kwenye simu ya mama, kwa lugha zote mbili nilizofundishwa, kana kwamba nikijua sana itapungua. Naomba nikuambie nilichokipata, maana wewe uliniachia nusu ya somo. Betri ya kifungo ya kawaida inakufa polepole, na kadiri inavyokufa inabadilisha maneno. Leo inakuambia mwanga mwingi, mwezi ujao inakuambia vingine, na wewe hujui umeanza kudanganywa lini. Zile za fedha nazo zimezidi nguvu, lakini zinashikilia uongo mmoja uleule mpaka mwisho, kwa hiyo mtu unaweza kuuzoea. Unaiambia kamera kwamba filamu yako ni ya taratibu kuliko ilivyo, mambo yanakaa sawa. Hizi zako zinazopumua zina maisha mafupi, lakini siku zote za uhai wake zinasema kitu kimoja, na siku ya kufa zinakufa moja kwa moja. Mshale unalala, unajua.

Nimekuwa ile ya kwanza, mwanangu. Miaka hii yote nimekaa ndani ya nyumba yako, nimekaa vizuri, nimeenea, na kidogo kidogo nilikuwa nakubadilishia dunia. Kila ulipojiita kipofu mezani na mimi nikaendelea kutafuna, nilikuwa nakudanganya upya. Nilidhani uongo ni ule wa Songwa tu, kule kuitikia kwa kichwa. Kumbe ule ulikuwa mdogo. Mkubwa ni huu wa kunyamaza kila siku. Wenye haya tunasamehewa mengi kwa sababu watu wanadhani mtu asiyesema hadanganyi.

Nilikuwa nimeamua kuendelea hivyo. Nakiri. Nilijiambia Geita si mbali, utarudi, utasahau. Kilichonishinda ni kaniki.

Jana mama alinipa kaniki ya Bibi nifungie kamera, kwa sababu umesema unaniachia. "Mama, baki nayo, kwangu haina kazi tena." Nikaitandika hapa mezani. Ule mkanda, wewe uliutupa, mimi niliuokota siku ileile, na umekaa ndani ya kamusi yangu miaka yote. Nikautoa ili niufungie humohumo pamoja na kamera, kama mtu anayezika. Ukanidondoka juu ya kaniki. Jua lilikuwa linaingia kwa upande, kama sasa.

Na Bibi akanicheka.

Sikuelezei vizuri. Mkanda ukiuinua juu kwenye taa, kama ulivyofanya, hauna kitu. Lakini ukiulaza juu ya kitambaa cheusi na mwanga ukaja kutoka ubavuni, ule ukungu mdogo uliobaki unageuka kuwa mweupe na pale patupu panakuwa peusi, na mtu anatokea. Mdogo, kama kucha, lakini ni yeye. Shanga zipo. Pengo lipo. Nikachukua kile kioo chako cha kukuzia, nikainama.

Mwanangu, mikunjo ya jicho lake inahesabika. Uzi wa pindo la kaniki unaonekana. Mtu ambaye macho yake yamekufa hawezi kuzungusha lenzi ikakaa pale. Mwanga uliibiwa na betri yangu. Macho yako yalifanya kazi yao yote.

Nilikaa nikimwangalia mpaka jua likahama ukutani akaondoka. Leo nimemngojea tena, na amekuja.

Sijakuandikia ili usiende. Nataka usiende, hilo ni jingine, na siwezi kuliandika likatoka zuri. Bado hujaondoka na nimeshaanza kukumbuka jinsi unavyogonga mlango wangu kwa kucha moja, jinsi unavyosema "tulia hivyo hivyo, mayu" ukinikuta nimekaa penye mwanga mzuri, hata kama mkononi huna kitu. Huwa natulia. Hujui, lakini huwa natulia mpaka unapotoka, na hata baada ya hapo kidogo.

Nenda kama unaenda. Ila usishuke shimoni kwa sababu ya macho ambayo hayana ugonjwa. Na katika maagizo yote niliyosema sitakupa, nakupa hili moja. Zebaki ile iliyokuwa kwenye betri zako za zamani ndiyo ileile watu wa kule wanakamatia dhahabu kwenye karai. Uliniambia wewe mwenyewe kwamba ni sumu. Watakuambia wameishika kwa mikono miaka yote na hawajafa. Usiishike.

Kamera siko tayari kubaki nayo. Nimeiweka kwenye begi lako, chini ya mashati, na mama anajua, ingawa hajui kwa nini. Ndani ya soksi ya kijivu kuna betri, zile zinazopumua. Rafiki yangu wa shule ana bibi Mwanza anayevaa kifaa cha kusikia, na jana ileile nilimwomba kwa sauti, kwa mdomo wangu, mbele ya watu, zikaja na basi la asubuhi. Vibandiko vyake vya bluu vyote vipo, usivibandue mpaka siku ya kazi. Ukibandua, iache ivute hewa dakika chache kabla hujaifungia. Filamu yako ya mwisho bado iko kwenye jokofu la jirani yetu Mama Zuhura, chini ya barafu za ubuyu. Ameniambia niende kuichukua leo kabla wajukuu zake hawajailamba.

Basi la kesho linapita Ushirombo. Linasimama pale watu wanunue mahindi. Sisemi zaidi.

Ninachoogopa nikuambie pia, maana nimeshavua yote. Naogopa kwamba ukishasoma, kesho asubuhi utaniaga kwa jina langu. Kabula. Ni jina zuri, alilivaa mtu mzuri. Lakini ukiniita hilo nitajua kwamba mama umemzika kweli, wote wawili. Na utakuwa na haki. Mama gani anakaa na jambo kama hili na mwanae anakwenda chini ya ardhi?

Nasikia ndala zako uani, ile ya kushoto inayoburuta. Umesimama jikoni. Mama anakuuliza kama Mama Zuhura amekupa baraka au amekupa maneno, na wewe unajibu amekupa vyote, pamoja na ubuyu. Unacheka.

Kila mara ukija nikiwa naandika huwa nafunika kwa kamusi. Mkono wangu umeshaifuata, uko juu yake.

Nimeutoa. Kamusi nimeiweka sakafuni. Mkanda uko juu ya kaniki, jua bado lipo, limebaki kidogo ukutani lakini lipo, na Bibi anacheka. Karatasi iko wazi pembeni yake.

Unagonga kwa kucha moja. "Mama, uko humo?"

Ingia, mwanangu.